Ukurasa wa Kufutia Plagi

Fundi pikipiki alijiona hana cha kujifunza. Miaka kumi na minne anajaribu pikipiki za wateja, leo aje afundishwe na kijitabu cha sheria za barabarani? Mkewe alikisoma chote kwa ajili yake, akamsihi, "Baba watoto, kipitie walau mara moja." Yeye akakipeleka karakana, akawa ananyofoa kurasa za kufutia plagi.

Siku ya mtihani wa leseni alitii kila kibao. Alipoingia mtaa wenye nyumba pande zote mbili, akatazama huku na huku, kibao cha mwendo hakuna. Akavuta mafuta, mshale wa spidi ukagusa themanini. Mtahini aliyemfuata kwa gari akampigia honi asimame.

"Ulikuwa unakimbizwa na nani?"

"Mkuu, si hapana kibao?"

"Nyumba zote hizi hukuziona?" Akamfelisha palepale.

Fundi alirudi karakana kichwa chini, akapekua pipa la taka. Ukurasa akaupata, mweusi kwa oili: penye makazi, hata pasipo kibao, mwendo usizidi hamsini. Pembeni, kwa kalamu nyekundu, mkewe alikuwa ameandika: "Hapa ndipo utakapojisahau, mume wangu."