Chemchemi Iliyopambwa kwa Wageni

Barua ilisema wataalamu wa maji watakuja Alhamisi kukagua chemchemi ya mlimani kule Sigino. Haikusema zaidi. Genoveva, mwenyekiti wa kamati ya maji, aliisoma mara mbili, akaamua kwamba wageni hawatawakuta wachafu.

Ndivyo alivyolelewa kwao Mbulu: mgeni anafagiliwa uwanja, na shida za nyumbani zinasubiri aondoke. Akawatoa wanawake kufyeka majani na kuzoa tope kwenye birika la saruji. Tatizo lilikuwa maji yenyewe. Tangu watu walime mteremko hadi kileleni, yalikuwa yakitoka kiduchu tu. Basi akaziba bomba la kutolea maji birikani kwa kitambaa na kukataza watu kuteka kwa siku mbili, birika lijae. Watu walinung'unika, wakafuata maji mtoni mwendo wa saa nzima. Nani angebishana na Genoveva?

Alhamisi, aliposikia gari likipanda, akachomoa kitambaa. Mmoja wa wataalamu, kijana wa mjini aitwaye Valence, akakinga ndoo ya lita ishirini na kutazama saa. Ikajaa upesi mno. Akauliza kama maji hupungua kiangazi.

"Chemchemi hii haijawahi kutuaibisha," Genoveva akajibu kwa fahari, na wenzake wakatikisa vichwa kukubali. Valence akaandika.

Wakati wa chai ndipo alipoeleza kazi yao. Walikuwa wakitafuta chemchemi zilizo hatarini kukauka. Zitakazoonekana dhaifu zaidi zitapandiwa miti na kujengewa tangi. Hii ya kwao, alisema akitabasamu, ilikuwa salama kabisa.

Genoveva akasimama. Aibu ilimchoma, lakini alisema yote mbele ya watu: kitambaa, siku mbili, mto. Akamsihi asubiri hadi jioni birika liishe maji, apime tena.

Valence aliweka kikombe chini. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa amechoka tu.

"Mama, kila tunapotaja msaada, chemchemi inakauka papo hapo. Ndiyo maana barua haisemi kitu."

Akamshukuru kwa chai, akaondoka. Alikuwa na vyanzo vingine vitatu vya kupima siku hiyo.

Orodha ilipobandikwa, Sigino haikuwamo. Kufika Oktoba bomba lilikuwa likidondosha tone moja moja, na njia ya mtoni ikawa njia ya kila siku. Genoveva naye aliifuata, na magoti yake mabovu. Marietha, mkwewe, mwenye mimba ya miezi minane, alimpita akiwa na ndoo kichwani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Marietha hakusimama, wala hakumlaumu. Hakuna aliyemlaumu. Wote walimwamkia kwa adabu ileile waliyomfanyia mgeni, wakapita. Genoveva alitamani hata mmoja amtukane, ili apate wa kumwambia kwamba anajua.