Andika Pombe

Yasmine, mujukulu yangu, kaa pale ku kiti, tosha viatu. Barabara ya Fungurume ni vumbi tupu, najua, mi niliipita tangu ikiwa mashimo tu. Kunywa maji kwanza. Mama yako eko mu chumba, analala ao anajifanya kulala, tuseme pole-pole.

Uliniuliza ku telefone na ile sauti ya kukasirika: "Nkambo, batu banasema mama anakunywa pombe, njo balimufukuza ku kazi. Ni kweli?" Mi sikujibu. Ku telefone neno kubwa inakuwaka kadogo. Nilisema kuya. Umekuya, aksanti.

Unajua vile mama yako alianza, lakini acha nirudilie, muzee anarudiliaka. Bibi yako alikufa, Rehema akiwa angali mudogo. Nikamuweka mu kabini ya kamyoni yangu, tunaenda Dilolo, tunarudi, yeye ku magoti yangu, mikono ku volan. Batu ba ku musikiti balisema, Abibu, mwanamuke haendeshake kamyoni. Nikabajibu: basi muniletee mutu wa kumuchunga. Nangali nangoya. Njo vile alikomaa, na harufu ya mazutu ya kamyoni mu nywele.

Mine ya shaba ilipoanza kutafuta banamuke ba kuendesha bene kubwa, ile kamyoni ya mawe yenye gurudumu yake inapita kichwa ya mutu, mama yako aliingia wa kwanza. Kisha Mbelu, kisha Asia, kisha bengine. Yeye njo alibafundisha kupanda ile ngazi bila kuangalia chini. Na huu mwaka bakamuambia: Rehema, tunatafuta mwenye atafundisha bashofere bapya. Utaendesha mbele ya bakubwa, ukipita, ile kazi ni yako. Alirudi hapa na furaha mpaka alisahau kutosha kaske, ile kofia ngumu ya kazi. Alikoroga unga ya bukari na kaske ku kichwa, wallahi.

Lakini mwili nayo ilikuwa imeanza mambo yake. Hii neno mi mwanaume naiona haya, baba ya mutu haisemake. Ila mu hii nyumba tuko babili tu, naficha macho wapi? Tunakula, kimya, mara anaacha bukari, jasho inashuka ku shingo sawa mutu wa kutoka mu mvua. Usiku halale. Asubui anatafuta funguo, na funguo iko mu mukono. Alilia juu ya tomati moya ya kuoza, Yasmine. Mama yako, mwenye hakulia ata siku bwana yake alienda!

Jocelyne, ule infirmière wa kuchunga bagonjwa ku dispansere, alimuambia: ni mwezi ya banamuke inakaribia kukatika, si uchawi, iko na dawa, lakini aone docteur wa banamuke kule Lubumbashi. Sasa kwenda Lubumbashi ni kuomba ruhusa, na kuomba ruhusa ni kusema juu ya nini. Akasema nitavumilia mpaka mutihani ipite.

Mu kabini njo ilikuwa mubaya zaidi. Siku moya alirudi, akakaa hapo fasi umekaa, akasema, "Tata, leo ilinishika ku mutelemuko, na mawe yote nyuma. Nikasimamisha bene, nikafungua mulango, nikapumua. Ku radio banalalamika, Rehema, kuna nini? Nikasema vumbi mu macho."

Njo pale jirani yetu mama Bilonda aliingia, ule wa makala, mwenye kinywa haifungeke. Alimukuta mu kiwanja anajimwangia maji ya ndoo, na ni mwezi wa baridi! Akacheka: "Aa, Rehema, na weye umefika! Mi ile moto ilinipiga mpaka nilitaka kumurudisha bwana kwa mama yake. Ngoya." Akaleta chupa, ndani mizizi nyeusi. "Glasi moya asubui, moya magaribi. Utanishukuru."

Mama yako akaonja, akakunja uso. "Inachoma!"

"Dawa isiyochoma ni chai," Bilonda akasema.

Akanipa na mi ninuse. Nikanusa vizuri. Nikasema ni mizizi kali, ya pori inakuwaka vile.

Ile siku alilala. Alilala sawa mutoto mwenye ameshiba. Nilisimama ku mulango namusikia anakoroma, nikasema alhamdulillahi, nikarudi na vidole ya miguu.

Kesho yake njo ilikuwa mutihani. Alfajiri akaswali, akavaa boti, akakunywa glasi. Akaongeza na ya pili, juu alisema leo moto isinipate mbele ya bakubwa. Bisi ya bafanyakazi ikapiga honi pale ku kona. Akaenda na kitambaa nyeupe mupya mu mufuko.

Ku mulango ya mine, kila mutu anapuliza mu kamashini, kanaonesha kama ulikunywa pombe. Bagarde balikuwaka banamuchekesha: "Mama Rehema, pita tu, pumuzi yako ya musikiti itatuharibia mashini." Ile asubui mashini ikalia. Garde akacheka, akazania imeharibika, akaleta ingine. Nayo ikalia. Njo pale akaacha kucheka.

Tshibangu, ule Mukasai mwenye anasemeaka bafanyakazi, njo alinipigia. "Papa Abibu, kuya. Mambo imeharibika."

Nikachukua pikipiki, mi na hii migongo yangu. Nikamukuta mu kabiro, ile ofisi kadogo ya mabati ku mulango, kaske ku magoti. Shefu yake, Gael, ni kijana, ndevu yake ingali inaomba ruhusa ya kuota. Si mutoto mubaya. Alisimama akanipa kiti.

"Kijana," nikasema, "mu nyumba yangu pombe haiingiake. Ata ya kunawia mukono."

"Papa, mashini ililia mara mbili."

"Basi mashini njo ililewa."

Tshibangu alitaka kucheka, akajizuia. Gael akamuangalia mama yako: "Mama Rehema, ulikunywa nini?"

"Nilikunywa dawa tu."

"Dawa ya nini?"

Akaniangalia. Yasmine, ile jicho naijua tangu akiwa mutoto. Alikuwa na neno ya kusema, na baba yake eko mbele. Nikasimama. Nikasema, naenda kuona kama ule wa pikipiki angali. Nikasimama inje, nyuma ya mabati. Lakini mabati haina siri.

Akasema yote. Moto, kukosa usingizi, kusahau, ile mutelemuko. Sauti yake kadogo, mi sikuwa naijua ile sauti.

Nikasikia Gael anaweka kalamu ku meza. Kisha akasema, pole-pole, "Mama yangu mi mwenyewe eko vile. Nakuamini. Lakini sikia. Nikiandika dawa, docteur wa hapa atauliza ni ya nini. Ukimuambia haulale, unaungua ku volan, atakutosha ku mashini, utaenda kufua makombinezo ya bafanyakazi. Na bakubwa batasema, kama Rehema eko vile, bamama bote ba miaka yake bapimwe, batoshwe nabo."

"Mbelu na Asia?" Tshibangu akauliza.

"Mbelu, Asia, bote. Mi siseme ni muzuri. Nasema njo vile itakuwa."

"Na kama ni pombe?" Ni mama yako.

"Kama ni pombe, ni weye peke. Unarudisha kaske leo."

"Shefu, hakuna mulango ya tatu?" Tshibangu akasema.

"Papa Tshibangu, hii nyumba si mi niliijenga."

Nikasikia kiti inasogea. Nikazania anatoka. Kumbe anasimama tu.

"Andika pombe."

"Rehema!" Tshibangu alipiga meza. "Weye mwislamu! Batu batasema nini?"

"Batasema. Andika."

Alitoka bila kaske, nywele yake imelala ku kichwa. Tulitembea mpaka ku barabara. Mabene yanapita, bashofere bengine habakuwa banajua, banamuonesha mukono, naye anabarudishia.

"Tata," akasema, "ulisikia?"

"Sikusikia kitu."

"Muzuri."

Magaribi Bilonda alisikia, akakuya mbio. Alikamata ile chupa, akaifungua, akaipeleka ku pua. "Papa Abibu! Hii ni lutuku, pombe kali! Mizizi banailoweshaka mu lutuku, kila mutu anajua! Harufu yote hii, hamukusikia?"

Tungeisikia wapi, mama? Mu hii nyumba nani alijua lutuku inanukaka namuna gani? Angalikuwa mulevi mumoya tu mu hii familia, Yasmine, mumoya tu, angenusa, angecheka, na mama yako angepita mutihani. Bilonda alikaa chini ku udongo, akalia na mikono ku kichwa. Mama yako njo alimubembeleza, akamuapisha asiambie mutu.

Sasa ku musikiti, muzee Hassani, tuliyekula naye bukari miaka yote, ananisalimia na kidole tu. Nilitaka kumushika kanzu, nimuambie. Mama yako akakatala. "Tata, ukimuambia mutu mumoya, kesho iko ku mine. Utabatosha bale bamama ku kazi." Nimefunga kinywa. Nafungua kwako peke, juu weye ni wa tumbo yake, na sitaki umuangalie na ile jicho ya batu.

Unaniuliza kama sasa anapona. Moto ingali inamushika. Lubumbashi hataki tena, anasema niende nipone juu ya kazi gani? Anakaa ku mukeka, anaangalia mikono.

Na bisi ingali inapita. Honi habapigake tena. Mwenyewe anaamuka saa ya bisi, anasimama pale ku mulango ya lupango na kikwembe yake ku mabega, sijue anangoya nini. Jana nilisimama naye. Baridi ilikuwa ya kukata masikio, madirisha yote ya bisi imefungwa, imejaa mvuke. Moya tu ilikuwa wazi. Ni Mbelu, kichwa inje, anapangusa shingo na kitambaa.

"Tata, angalia," akasema. "Naye imemufikia."

Akainua mukono. Mbelu alimuona, Yasmine. Alimuona vizuri. Akageuza uso, vile mutu anamugeuziaka mulevi, akaingiza kichwa ndani, akafunga dirisha.

Mukono ya mama yako ilibaki yulu kidogo. Kisha akaishusha, akajipangusa nayo shingo yake mwenyewe.

Sikia, anakohoa, ameamuka. Usimuulize kitu. Chukua ile kipande ya karton kule ku jiko, ingia, umupepee.