Mstari wa Ukutani

Watoto wa shule yetu wananiita Mama Pilipili, na sijawahi kuwakatalia. Mdomo ninao. Ukimwaga maji jikoni kwangu utanisikia, ukichelewesha kuni utanisikia, na ukinirudishia sahani iliyobaki maharage nusu utanisikia zaidi. Lakini njaa ya mtoto siivumilii, na muhula ule palikuwa na mtoto mmoja aliyeninyima raha kila ilipofika saa sita na nusu.

Alikuwa msichana wa darasa la tano. Alikuwa na alama nyeusi shavuni, ndiyo maana wenzake walimwita Kidoti. Kengele ya chakula ikilia, wenzake wanakimbilia dirisha la jikoni, yeye huyo anashika njia ya bombani. Anakunywa maji, anajifuta mdomo, anakaa kwenye ngazi na daftari lake, eti ana shughuli nyingi. Siku ya tatu nilimfuata na sahani ya wali na maharage.

"Kula, mwanangu."

"Asante, nimeshiba."

"Umeshiba nini? Maji?"

Akatazama chini. "Bibi amesema nisipokee."

Bibi huyo namjua vizuri, maana ndiye aliyenifundisha kazi. Shule nzima ilimwita Bibi Mwiko. Alipika katika jiko hili miaka ishirini na miwili, na alipostaafu alinikabidhi funguo, sufuria tatu kubwa na taratibu zote za kazi. Sasa alikuwa akimlea Kidoti peke yake. Kiwanda alichofanyia kazi mama wa mtoto kilifungwa, mama akaenda mji mwingine kutafuta kibarua, na mwezi wa pili ulikuwa unakwisha hajatuma kitu. Mchango wa chakula cha shule haukulipwa.

Kwa watoto wa hali hiyo ipo fomu. Mlezi anaijaza, anatia sahihi, na halmashauri inalipia chakula cha mtoto muhula mzima. Fomu ya Kidoti ilipelekwa nyumbani mara mbili, na mara zote mbili ilirudi tupu, imekunjwa vizuri. Mwalimu mkuu alishasema orodha itafungwa Ijumaa saa nane mchana, na asiyekuwemo atasubiri muhula ujao. Hiyo ni miezi mitatu ya maji ya bomba, kwa mtoto wa miaka kumi na moja.

Alhamisi nilipomaliza kuosha sufuria nikatia fomu ya tatu mfukoni, nikaenda kwa Bibi Mwiko.

Nilimkuta ameketi mlangoni kwenye kiti kifupi, anachambua mchele. Mchele wenyewe ulikuwa wa kujaa viganja viwili tu. Chumba chake kilikuwa safi vilevile alivyoliweka jiko enzi zake, vikombe vimefunikwa, kitambaa cha meza kimekunjwa pembe nne.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa. Umekuja na ile karatasi."

"Nimekuja kukujulia hali."

"Umekuja na ile karatasi. Naiona inachungulia mfukoni."

Nikaitoa, kujificha kwa nini. Nikamwambia mtoto anashinda na maji. Akasema anajua, na kwamba jioni anamgawia nusu ya chakula chake. Nikamwambia basi mnalala njaa wawili. Akaendelea kuokota vijiwe kimoja kimoja, na hasira zikanipanda.

"Mama, nisamehe, lakini hiki ni kiburi. Miaka yote hiyo umelisha watoto wa wenzako. Leo unaona haya wako akilishwa?"

"Sijakataa alishwe." Akaweka ungo chini. "Ukishampa kadi ya njano, atasimama wapi?"

Jibu tulilijua wote wawili. Shuleni kwetu watoto wanaolipiwa na wazazi wana kadi za bluu, na wale wa msaada wana kadi za njano. Wa bluu wanapanga foleni mbele ya dirisha. Wa njano wanasimama ukutani, upande wa stoo, mpaka wa bluu waishe. Hapo mpishi anagonga ukingo wa sufuria kwa mwiko mara mbili, nao wanasogea. Wanachokuta ni ukoko, na mchuzi wenye maharage ya kuhesabu. Ukoko hata mimi naupenda, lakini naupenda nikiuomba mwenyewe, si kwa sababu ndio uliobaki. Mstari huo niliukuta. Nilikabidhiwa pamoja na funguo, nami nikawa nagonga sufuria mwaka wa tisa sasa bila kujiuliza chochote.

"Niliuanzisha mimi," Bibi Mwiko akasema. "Siku moja chakula kilipungua. Wazazi wa watoto waliolipa wakaja juu, wakanisema mbele ya walimu mpaka nikalia. Kesho yake nikaamua waliolipa watangulie. Nilidhani ni kwa wiki moja tu."

Akaurudisha ungo mapajani.

"Wale watoto nilikuwa nawaona kila siku. Najua wanavyotazama viatu vyao. Sasa mjukuu wangu nimpeleke pale kwa mkono wangu mwenyewe? Siwezi, mwanangu. Afadhali ale nusu yangu."

Hasira ziliniishia palepale. Nilibaki na aibu, tena aibu kubwa, maana yeye angalau alikuwa akiwatazama. Mimi nilikuwa nagonga tu, macho kwenye sufuria.

"Mstari huo ukiondoka, utatia sahihi?"

"Nikiona kwa macho yangu."

"Basi njoo kesho, saa sita na nusu."

Njia nzima ya kurudi nilijilaumu kwa kuahidi kitu kisicho changu. Mpishi hapangi mambo ya shule. Asubuhi, kabla sijawasha moto, nilikwenda kumgongea mwalimu mkuu. Ni mama mpole, mwenye miwani inayomshuka puani kila anapofikiri. Nikamweleza yote, hata sehemu yangu.

"Na chakula kikipungua?" akauliza. "Waliolipa watakuja kwangu, hawatakuja kwako."

"Kikielekea kupungua nitapunguza kila sahani, kuanzia ya kwanza. Na wakija juu, niletee jikoni."

"Nikuletee wewe watu wenye hasira?"

"Ndiyo. Tutaelewana."

Akacheka, akaipandisha miwani. Akasema tujaribu, na kwamba kama ni kosa basi litakuwa letu wawili. Majina ya wanaosaidiwa yatabaki ofisini kwake, jikoni hatuna haja nayo. Kadi zote tukazikusanya, za bluu na za njano, zikafungiwa kabatini. Mwalimu wa zamu akatangaza kwenye mkusanyiko wa asubuhi kwamba kuanzia leo foleni ni moja, kila darasa na nafasi yake, wadogo mbele.

Saa sita na nusu Bibi Mwiko alikuwa amesimama kando ya mlango wa jiko, ana mkongojo na kilemba safi. Kengele ikalia, watoto wakajipanga. Nikaanza kupakua, na nisiwe mwongo, nilijiona nimefanya jambo kubwa. Nimeshapakua sahani kama sita hivi ndipo nilipoinua macho.

Ukutani walikuwa wamesimama watoto kumi na wanane.

Tangazo walilisikia kama wenzao. Hakuna aliyewafukuza kwenye foleni. Miguu yao tu ndiyo iliyowapeleka pale walipozoea.

"Njooni huku," nikawaita. "Foleni ni moja leo."

Wakatazamana. Hakuna aliyesogea. Kisha mtoto mmoja wa darasa la pili, mwenye pengo la meno ya mbele, akaniambia kwa upole, kama anayemkumbusha mtu mzima alichosahau, "Bado hujagonga."

Mimi, mwenye mdomo wangu huu, nilisimama na mwiko umejaa wali hewani.

Bibi Mwiko aliondoka mlangoni, akakata uwanja polepole na mkongojo wake, akafika ukutani. Alisimama mbele yao kwa muda, akimwangalia kila mmoja usoni.

"Leo hakuna kugonga," akasema. "Wala kesho. Aliyeanza mchezo huo ni mimi, na mimi nimeuacha. Haya, nishikeni mkono, miguu yangu mibovu."

Mtoto gani atamkatalia bibi kizee mkono? Yule mwenye pengo akaushika. Wengine wakafuata nyuma. Bibi akaanza kupita nao kando ya foleni, akiuliza kila mmoja darasa lake. Darasa la pili, haya, ingia hapa. Nyie mpisheni mwenzenu. La nne, simama nyuma ya huyu. Watoto wa foleni walijisogeza kidogo, wengine wakaguna, kisha wakaendelea na mazungumzo yao ya mpira. Mmoja mmoja walimwishia, mpaka akabaki peke yake uwanjani.

Wakati huo Kidoti alikuwa ametoka bombani, kidevu bado kina maji. Alikuwa amemwona bibi yake na kusimama hapo alipo, hajui aje au akimbie. Bibi Mwiko akamwendea, akamshika mkono, akamleta mpaka kwenye foleni.

"Na wewe darasa la ngapi?" akamuuliza, kana kwamba hamjui.

"La tano, bibi."

"Ingia hapa."

Kidoti hakuingia mara moja. Alimtazama bibi yake akihakikisha kwamba amesikia vizuri. Bibi akamgusa bega, mtoto akaingia katikati ya wenzake, na mkono wa yule mzee ukabaki begani pale kwa muda kabla haujaondoka.

Kisha akaja dirishani. Nilimpa fomu na kalamu. Akafuta punje za wali kwenye ubao wa dirisha kwa kiganja, akaweka karatasi, akaandika jina la mjukuu wake, akatia sahihi yake taratibu. Nikampa mwalimu wa zamu aipeleke ofisini, maana watoto walikuwa wanasubiri chakula. Ilikuwa saa saba na robo, orodha bado haijafungwa.

Nikaendelea kupakua kwa kipimo kilekile nilichopunguza tangu sahani ya kwanza. Kidoti alipofika alinyoosha sahani kwa mikono miwili. Nikamtilia wali, nikamtilia maharage juu, sawa na wenzake. Akasema asante kwa sauti ya chini, akageuka, na kabla hajafika kwenye benchi alikuwa ameshapeleka tonge la pili mdomoni. Watoto nimewakataza kula wakitembea tangu siku niliyoajiriwa. Huyo nilimwacha.