Unatema Divai?

Kazi yangu ni kuonja kahawa Mbinga: nachota kwa kijiko, nafyonza kwa kelele, natema ndooni. Kwa hiyo mwenye hoteli mmoja wa Mbamba Bay aliponiambia mvinyo wa Dodoma haufai kunywewa pamoja na mbasa, samaki wetu wa ziwani, nilikasirika. Ameonja mingapi? Hata mmoja! Nikanunua chupa tatu tofauti, nikaapa sitapanda milima kurudi Mbinga kabla sijazijua zote.

Nilizifungulia hukohuko Mbamba Bay, nyumbani kwa mjomba Hyasinti, aliyetunza divai ya Misa kanisani kwao miaka thelathini. Nikachota kwa kijiko changu, nikafyonza, nikatema.

"Ottilia! Unatema divai?" Akafanya ishara ya msalaba.

"Mjomba, hii haijafika altareni. Ni zabibu za wakulima kama sisi."

"Divai ni divai." Akanipa mgongo.

Sikukoma. Ya kwanza ilikuwa chachu kama ndimu. Ya pili tamu mno kwa samaki. Ya tatu nikairudia mara nne, na ulimi wangu wa kahawa haukuniambia kitu.

Mjomba akageuka, akaninyang'anya kijiko. Akafyonza, akafumba macho, akameza.

"Chupa hii ilikaa juani dukani. Tafuta nyingine ya aina hiihii. Hiyo ndiyo ya mbasa."

"Umejuaje, Mjomba?"

"Miaka thelathini, Ottilia. Ulidhani iliyobaki chupani nilikuwa namwagilia maua?"