Pumzi za Kobe

Pale redioni mashine yetu tuliiita Kasuku, na kasuku wa kweli wangekuwa na haki ya kutushtaki kwa kuwachafulia jina. Ukimlisha dakika tano za sauti ya mtu, alimsemesha unachotaka mpaka vita viishe. Kila askari alirekodiwa dakika hizo siku ya kujiandikisha, akisomeshwa karatasi yenye maneno ya ovyo ovyo: ndoo, kesho, mama, ushindi. Wenyewe walidhani wanapimwa kifua.

Ila Kasuku alikuwa na kilema kimoja: hakujua kupumua. Maneno yalimtoka mfululizo mpaka msikilizaji akabanwa kifua yeye. Wahandisi walihangaika weee, wakashindwa, wakanijia mimi.

Mimi ni fundi wa vishindo. Enzi za michezo ya redio, mvua ilikuwa mchele wangu juu ya kifuniko cha bati, moto ulikuwa karatasi ya nailoni niliyoifikicha kiganjani, na jeshi zima lilikuwa miguu yangu miwili ndani ya sinia la kokoto. Waigizaji walipoachishwa kazi nilibaki na kokoto zangu, nikapewa na kazi ya kupumua. Kasuku akisema, "Mama, huku tunasonga mbele," navuta pumzi kwenye maikrofoni. Akisema, "Msiwe na wasiwasi," naishusha. Kipindi kiliitwa Salamu za Mstari wa Mbele, kila siku saa kumi alasiri, na mji, au kile kilichobaki cha mji, uliacha shughuli zake ukasikiliza.

Tuliokuwa tunajua tulikuwa wanne: mimi, Mhariri na wahandisi wawili. Katika kipindi kile hapakuwa na mtu hai hata mmoja. Mwanzoni waliwekwa hata wazima. Kisha Jumanne moja askari akafika kwa mkewe na magongo yake, wakati redio ndani inasema kwa sauti yake kwamba yuko mlimani na anakula vizuri. Mke alicheka mpaka akalia, na mtaa mzima ukamsikia. Tangu hapo Mhariri akaweka sharti: wasemeshwe wale tu wasioweza kurudi kutukanusha. Familia zao hazikuambiwa kitu, zilipewa salamu.

Niliwahi kumuuliza Mhariri usingizi anaupataje. Ni mtu mpole, koti lake halikosi kifungo hata siku za mabomu.

"Hatumdanganyi mtu," aliniambia. "Tunamcheleweshea maumivu tu."

Nilimchukia kwa upole ule. Nilijichukia zaidi mimi, maana maneno yake yalinisaidia kulala.

Nyumbani niliishi na dada yangu katika vyumba viwili, kimoja dirisha lake limezibwa kwa godoro. Alikuwa akishona magunia ya mchanga kwa cherehani, na mwanawe wa pekee alikuwa vitani. Tulimwita Kobe. Tonge moja alilitafuna mpaka wenzake wameshaosha sahani, na ukimuuliza jambo la asubuhi alikujibu mchana, lakini alikujibu sawasawa. Alikuwa na miezi saba hajaandika barua.

Kila jioni dada aliniuliza, "Kesho yumo?" Nami nilimjibu kwamba orodha hatuioni mpaka asubuhi, na huo ulikuwa ukweli. Alinuna. Watoto wa majirani wote wanasikika, alisema, wake tu ndiye hasikiki, na mdogo wake anafanya kazi humo humo redioni. Kweli mganga hajigangi. Basi yeye aliomba Mungu Kobe awemo, na mimi kila asubuhi niliomba asiwemo. Sijui Mungu alituonaje, watu wa nyumba moja.

Asubuhi ile karatasi zilikuwa sita. Ya nne ilikuwa ya Kobe.

Nilikaa chini kwenye kokoto zangu. Nilimwambia Mhariri kwamba huyu siwezi. Akaniletea maji, akanikumbusha kiapo changu taratibu: karani aliyetangulia kutoboa siri alichukuliwa yeye na nyumba yake yote. Halafu akasema nisipopumua mimi, Kasuku atasema hivyo hivyo bila pumzi, na mama mtu atasikia mashine. Alinishika pale pale penye kidonda.

Nina pumu tangu utotoni. Pumzi yangu ikipanda, mwishoni hutoa filimbi nyembamba, kwa hiyo kabla ya kurekodi huvuta dawa ili kifua kitulie. Dada yangu anaijua filimbi ile kuliko daktari yeyote. Tulilala kitanda kimoja mpaka siku alipoolewa, na ilipobadilika mlio ni yeye aliyeniamsha na kunikalisha.

Niliitia dawa kwenye droo, nikaifunga.

Kasuku akaanza. Sauti ilikuwa ya Kobe kabisa, ule uzito wa chini, lakini ilikimbia, maana kila salamu ilipangiwa nusu dakika. Nikapumua mbio mbio kumfuata, na filimbi ikalia. Mwishoni akasema, "Na mama mdogo msalimie sana." Nilivuta pumzi hiyo machozi yakinitoka. Kwenye chumba cha kusikilizia Mhariri aliitikia kwa kichwa, ameridhika. Alisema kijana anasikika kama ana mafua kidogo, na wasikilizaji watapenda.

Nilirudi nyumbani saa kumi na mbili kasoro. Kutoboa sikutoboa, lakini nilikuwa nimemwambia. Njia nzima nilitafuta maneno ya kumpokea nayo.

Nilikuta majirani wamejaa wakimpongeza dada, kwamba sasa roho yake itatulia. Alikuwa akiwaitikia wote, anacheka panapotakiwa kucheka. Walipoondoka alifunga mlango, akarudi kwenye cherehani, akashona gunia zima bila kuniangalia. Nilisimama pale nikiwa na mkoba begani. Kifua kilikuwa kinalia bado, na chumba kile ni kidogo.

"Dawa yako iko wapi?" akauliza.

Nikamwambia nimeiacha kazini.

"Kesho uitumie." Akakata uzi kwa meno. "Yumo kesho?"

Nikamwambia wakishamwanza mtu, humweka kila wiki, siku ile ile. Alikunja gunia, akaliweka juu ya mengine, akalipapasa kulilaza kama nguo ya mtoto.

"Basi wiki ijayo umpumulie taratibu," dada yangu alisema. "Leo umemkimbiza. Kobe hakuwa mtu wa haraka."