Gitaa Lililolegezwa Nyuzi

Machale yalianza kumcheza Lenny Tranter siku Cliff Raybould alipokataa bia. Ilikuwa mchana, wamekaa Bilston, mji wao wa viwanda huko Uingereza, katika baa ile ile waliyoizoea tangu kundi lao la muziki halijapata jina, na zamu ya kununua ilikuwa ya Lenny. Akawauliza mmoja mmoja kama kawaida. Cliff, mwimbaji wao, mtu ambaye humaliza glasi kabla povu halijatulia, akatikisa kichwa na kuelekeza kidole kwenye birika la chai. Hakusema hata neno. Shingoni alikuwa amejifunga skafu ya hariri, na huo ulikuwa mwezi wa Juni.

"Skafu ya nini, bwana harusi?" Lenny akamtania.

Cliff alitabasamu tu. Aliyejibu ni Howie Bissell, mpiga gitaa. "Mwache, Lenny. Ndiyo mitindo ya siku hizi, kaka."

Mbona Howie anamjibia? Mtu mwingine angecheka akanywa bia yake yakaisha. Lenny alikunywa yake huku anamtazama Cliff akikoroga asali kwenye chai, akasema moyoni: hapa pana jambo, na wananizunguka.

Ni lazima umwelewe Lenny. Kundi lilikuwa lake, naye ndiye aliyepiga besi. Yeye na mpiga ngoma, Neville Hingley, jitu la mtu waliloliita Pipa, walikuwa wakimimina chuma pamoja katika kiwanda cha mtaa wa Cinder Bank, na jina la mtaa huo ndilo walilolipa kundi. Walianza kwenye vilabu vya wafanyakazi, mahali ambapo wazee walikuja kucheza bingo na muziki ulikuwa usumbufu wa kuvumiliwa. Lenny angekuwa katikati ya wimbo, besi inatikisa glasi mezani, mara mwenye klabu anapanda jukwaani na kumpokonya mwimbaji maikrofoni: "Samahanini mabibi na mabwana, pai zimefika!" Ukumbi mzima unainuka kupanga foleni. Wakisharudi na pai zao, mtu wa mbele anapaza sauti, "Punguzeni kelele nyie, mke wangu hajisikii akitafuna!"

Kutoka huko walipanda. Wakatoa santuri ya kwanza, ya pili ikauzwa hadi Ujerumani, ya tatu ikawapeleka kwenye televisheni wakiwa wamevaa ngozi, nywele hadi mabegani, na mama yake Lenny akawaita majirani wote waje kuona. Sasa walikuwa wakijiandaa kwa safari ya Marekani, safari ambayo ingewafanya wakubwa kweli au iwarudishe Bilston wakiwa hohehahe. Lenny alikuwa akiiwaza akila, akiiwaza akioga. Aliogopa kitu kimoja tu duniani, kurudi kwenye tanuru la chuma, na kuogopa huko kulimfanya awe na macho mgongoni.

Kulikuwa na mwimbaji mwingine kabla ya Cliff. Roland Foley, kijana mpole, rafiki wa Lenny tangu shule. Sauti yake ilianza kukatika pale wimbo unapopanda juu. Lenny alivumilia maonyesho machache, kisha siku moja walisimama kula kando ya barabara kuu, Roland bado ana mkate wa nyama mdomoni, Lenny akateremsha begi lake kutoka kwenye gari na kumwambia basi la Birmingham linapita upande ule. Wakaondoka. Watu walisema Lenny ana roho ngumu. Yeye alisema kundi ni kundi, na hakuna aliyebishana naye, maana mwezi uliofuata alikuja Cliff mwenye sauti ya kupasua bati.

Kwa hiyo Lenny alianza kuchunguza. Akaona gari la Howie limeegeshwa nje ya nyumba ya Cliff asubuhi, mapazia yamefungwa. Akapita kesho yake, liko pale pale. Kwenye mazoezi Cliff akawa anaimba kwa kunong'ona, eti anajitunza kwa ajili ya safari. Wakimaliza, wale wawili wanaondoka pamoja kama mtu na mkewe.

"Pipa, wale wanafanya nini kule nyumbani kwa Cliff?"

"Nitajuaje? Labda wanacheza karata."

"Asubuhi?"

"Wewe Lenny, hata paka akikutazama mara mbili unasema ametumwa."

Lenny hakucheka. Mazoezi yao yalikuwa katika kanisa la zamani la Wamethodisti, lililokwisha kuachwa na waumini, na Jumatatu moja yeye alifika mapema. Howie alikuwepo tayari, nje uani, anavuta sigara na kuongea na mwenye duka la jirani. Gitaa lake la pili lilikuwa limeegemezwa kwenye spika. Lenny akalichukua bila kuwaza, kama mtu anavyochukua gazeti la mwenziwe, akapiga uzi mmoja.

Ulikuwa umelegea. Akapiga wa pili, nao umelegea. Akazipiga zote sita, na zote zilikuwa zimeshushwa sauti kwa kiasi kile kile, sawasawa, kwa makusudi. Cinder Bank hawakupiga namna hiyo hata siku moja. Sauti ya Cliff ilikaa juu kabisa, na nyuzi zao zilikazwa kuifuata huko juu. Katika kazi ile, mtu halegezi nyuzi zote kwa ajili ya kujifurahisha. Hulegeza kwa ajili ya kundi analokwenda kupiga nalo.

Na kundi lilikuwepo. Huko London kulikuwa na jamaa wanaopiga chini chini kama ng'ombe wanaonguruma, na kila aliyekuwa kwenye muziki alijua wamegombana, mwimbaji na mpiga gitaa wamewatoka. Wanatafuta wengine. Skafu ya hariri, chai ya asali, mapazia yamefungwa: Lenny akaona kila kitu kimejipanga chenyewe. Akalirudisha gitaa pale pale, likaegemea vile vile.

Howie akaingia akinuka tumbaku. "Umewahi leo, kaka. Vipi?"

"Safi tu," akasema Lenny.

Hapo ndipo angeuliza. Swali lenyewe lilikuwa jepesi, hata mtoto angeliuliza. Lakini Lenny alilelewa na wanaume ambao hata mguu ukikatika kiwandani husema safi tu, na kumuuliza Howie kungekuwa kumwonyesha kwamba anaogopa. Akakaza nyuzi za besi yake, akapiga mazoezi mpaka mwisho bila kukosea hata pigo moja.

Nyumbani alimweleza mkewe, Beryl, aliyekuwa akimenya viazi.

"Kawaulize," Beryl akasema.

"Nikawaulize ili wanicheke?"

"Kawaulize ili ujue, Lenny. Howie amelala kwenye kochi hili mara ngapi? Alikuwa msimamizi wako siku ya harusi yetu."

"Ndiyo maana inauma."

"Basi kama inauma usifanye kitu. Kula, ulale."

Hakuambilika. Asubuhi yake alimpigia simu mwandishi wa gazeti la muziki, lile linalotoka kila Alhamisi na kusomwa na kila mtu mwenye nywele ndefu Uingereza nzima. Alizungumza kwa sauti tulivu ya mtu aliyejipanga. Akasema Clifford Raybould na Howard Bissell hawamo tena katika Cinder Bank. Akasema yeye na Neville Hingley wanaendelea, na mwimbaji mpya amekwisha kupatikana, mwenye sauti kali kuliko yule wa kwanza na yule wa pili. Mwandishi akauliza jina lake. Lenny akasema hilo ni siri kwa sasa. Alipokata simu alijisikia mwepesi, hata akapiga mluzi. Kama ni kutemwa, yeye atakuwa ametangulia kutema.

Alhamisi aliingia kanisani akiwa na hotuba yake kichwani. Alitegemea kuwakuta wamenuna. Badala yake Howie na Cliff walikuwa wamekaa ukingoni mwa jukwaa wanamsubiri, nyuso zimechangamka, na ilikuwa wazi kwamba gazeti hawajaliona.

"Keti, Lenny," Howie akasema. "Tuna jambo la kukwambia."

"Nalijua."

"Hulijui, mwanangu. Keti."

Cliff akafungua skafu. Alipotoa sauti, Lenny alishtuka: ilikuwa imekwaruzika kama msasa. "Koo limeharibika, Lenny. Daktari anasema kuna vinundu. Kule juu sitafika tena. Nikilazimisha, nitabaki bubu."

"Tangu lini?"

"Tangu Pasaka. Nilimwomba Howie asikwambie mpaka tupate dawa." Cliff akatazama viatu vyake. "Nilikuwa naota unateremsha begi langu."

"Na dawa tumeipata," Howie akadakia, hawezi kujizuia. "Tumezishusha nyimbo zote, moja moja, pale sebuleni kwake, mapazia yamefungwa majirani wasilalamike. Jana tumemaliza ya mwisho. Hebu legeza nyuzi zako, zifuate zangu. Usiongee, sikiliza tu."

Lenny akalegeza. Alizikosa funguo za besi mara mbili. Howie akahesabu, wakaanza, na vioo vya madirisha ya kanisa vikaanza kunguruma. Wimbo aliokuwa ameupiga mpaka ukamchosha uliinuka kutoka sakafuni, mzito, mweusi, na sauti ya Cliff iliyokwaruzika ikakaa juu yake kana kwamba ndiyo iliyotungiwa. Hawakuwahi kuwa wazuri kiasi hicho. Lenny alilijua hilo kwa mwili mzima, furaha ikampanda hadi kooni, na papo hapo akatamani kukimbia nje kununua kila nakala ya gazeti iliyoko Bilston, kama vile Bilston ndiyo Uingereza nzima.

Walipomaliza, Cliff alikuwa analia na kucheka. "Umeona? Marekani watakoma!"

Mlangoni alikuwa amesimama Pipa. Alichelewa kama siku zote, na kwapani alikuwa na gazeti.

"Wimbo mzuri," Pipa akasema. "Wa kundi gani?"

Howie akadhani ni utani. Pipa akatembea hadi jukwaani, akamkabidhi Cliff gazeti lililokunjwa ukurasa ule ule, kisha akamgeukia Lenny. "Na mimi umenisemea. Mimi naendelea, eti. Nani alikwambia naendelea?"

Cliff alisoma polepole, midomo ikicheza. Akampa Howie, naye akasoma.

"Niligusa gitaa lako," Lenny akasema. "Jumatatu. Nikalikuta limelegezwa. Nikadhani mnakwenda kwa wale wa London."

"Jumatatu nilikuwa pale nje," Howie akasema. "Navuta sigara. Ungegonga dirisha tu, Lenny. Ungegonga dirisha."

"Nitampigia mwandishi. Nitasema nilikosea. Alhamisi ijayo wataandika."

"Huyu mwimbaji mpya," Cliff akauliza kwa ile sauti yake ya msasa, "mwenye sauti kali kuliko sisi wote. Ni nani?"

Lenny akaivua besi yake, akaiegemeza kwenye spika.

"Nakuuliza, Lenny. Ni nani?"

"Hayupo. Nilimtunga."

Cliff akacheka, na kicheko hicho kikageuka kikohozi, akashika koo kwa mikono miwili mpaka kikatulia. "Hayupo," akasema. "Yule wa kwanza ulimwacha ukanipata mimi, angalau. Mimi umeniacha kwa ajili ya mtu ambaye hata mama yake hajamzaa."

Hakukuwa na ugomvi, na Lenny angependa kuwe na ugomvi. Howie alilifunga gitaa lake kwenye sanduku, akalichukua na la pili. Cliff akaacha gazeti juu ya spika, akajifunga skafu kwa uangalifu. Walitoka kwa mlango wa uani, na Howie akaushika mlango wazi kwa adabu, Cliff apite bila kuguswa na upepo.

Lenny alitaka kusema nisameheni. Neno lilifika mpaka kwenye meno likakwama pale. Akafanya kile ambacho watu wa kwao hufanya neno linapowakwama. Akaenda kwenye jiko dogo lililokuwa nyuma ya madhabahu, akajaza birika maji, akaliwasha, akapaza sauti, "Nani anataka chai?"

Pipa alikuwa ameinama, anafungua skrubu za ngoma yake kubwa.

"Mimi nitakunywa nyumbani, Lenny," akasema.