Alama za Mwili

Karani wa chumba cha maiti alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na mbili, mpole, mwenye mzaha wa chini kwa chini, na katika miaka kumi na tisa ya kazi hiyo hakuwahi kumkabidhi mtu maiti isiyo yake. Alijivunia jambo hilo kimoyomoyo. Hakuna aliyewahi kumpongeza. Hata mumewe, akiulizwa mkewe anafanya kazi wapi, hujibu tu, "Hospitali," kisha hugeuza mazungumzo.

Jumatatu moja asubuhi aliwasha kompyuta akakuta mfumo umesasishwa. Rangi zilikuwa mpya, herufi zimenenepa, na juu ya kioo palikuwa na salamu ya kumkaribisha. Orodha ya marehemu ilikuwepo, ila imekonda. Zamani kila mstari ulikuwa na safu nane: jina, umri, wodi, tarehe ya kupokelewa, alama za mwili, ndugu wa karibu, simu na namba ya droo. Sasa zilibaki mbili tu, jina na droo.

"Wametunyoa," alimwambia mhudumu wa droo, mzee mrefu mkavu ambaye hospitali nzima ilimwita Baridi.

"Wateja wangu wako vilevile," Baridi alijibu. "Nimewahesabu. Hakuna aliyetoroka."

Karani alimpigia simu fundi wa kompyuta. Fundi alikuwa maabara, ambako kelele za kulalamikia mfumo zilikuwa kubwa zaidi.

"Data haijapotea, mama," alisema. "Ni muonekano tu umebadilika. Nakuja kesho."

"Na leo nifanyeje?"

"Leo vumilia."

Kesho hakuja, na keshokutwa hakuja. Karani alijaribu kufungua jina moja moja. Ukurasa ulizunguka, ukazunguka, ukarudi palepale. Basi akawa anawauliza ndugu kwa mdomo, anampeleka Baridi kwenye droo, na ndugu wanathibitisha kwa macho. Jumatatu, Jumanne na Jumatano kazi ilikwenda hivyo, kwa kuchechemea lakini ikaenda.

Alhamisi akaja dereva wa lori kumchukua mama yake.

Alikuwa mwanamume wa makamo, macho mekundu, viatu vina vumbi la safari. Nje kwenye benchi walikaa shangazi zake wawili, na getini gari lilikuwa linangoja na jeneza. Karani akaandika jina la marehemu, na kwenye kioo ikatokea mistari miwili. Majina yote matatu ya kila mmoja yalifanana, herufi kwa herufi. Mmoja alikuwa droo ya saba, mwingine ya kumi na mbili.

"Mama alifariki siku gani?" karani aliuliza.

"Jumamosi."

Safu ya tarehe haikuwepo. "Alikuwa na alama yoyote? Kovu, jino, chochote?"

Dereva alitupa jicho mlangoni, walipokuwa shangazi zake. "Mama ni mama tu, dada," alisema kwa sauti ya chini. "Nikimwona nitamjua."

Baridi alivuta droo ya saba, akafunua uso. Dereva alisogea, akainama, akainuka. Hata pumzi mbili hazikupita.

"Ndiye," alisema.

Karani aliona kwamba mtu huyu alitazama shuka zaidi kuliko alivyotazama uso. Aliliona hilo vizuri, na baadaye hakuweza kujidanganya kwamba hakuliona. Ilimpitia akilini kuwaita shangazi, au angalau kuvuta ile droo nyingine. Lakini familia mbili zaidi zilikuwa zinasubiri kwenye ujia, moja inalia kwa sauti, na mkuu wa idara alikwishapita mara mbili asubuhi hiyo kuuliza kwa nini foleni haiendi. Karani akamtazama tena dereva. Mtoto amesema ndiye. Yeye ni nani wa kumbishia? Akasaini, na dereva akasaini.

Shangazi walisema wanataka kumkumbuka wifi yao alivyokuwa hai, kwa hiyo jeneza likafungwa palepale. Alasiri ile akazikwa.

Ijumaa saa nne akaja fundi cherehani, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwembamba, utepe wa kupimia ukiwa bado unaning'inia shingoni kwa kusahau. Alikuja na nguo ya kumvalisha mama yake. Alikuwa ameishona mwenyewe kwa siku nne, na ndiyo maana alichelewa.

Alitaja jina. Lilikuwa lilelile la jana. Kwenye orodha ulibaki mstari mmoja, droo ya kumi na mbili.

Baridi alivuta. Fundi cherehani alitazama uso, akatazama tena, kisha akaomba aone mkono wa kushoto. Baridi akaufunua. Ulikuwa mkono laini, hauna kitu.

"Huyu siye," alisema taratibu, kama mtu anayemrekebisha muuza duka. "Mama alijiunguza na pasi nilipokuwa mdogo. Ana kovu la pembetatu hapa. Nimemwogesha miezi minane. Huyu siye mama yangu."

"Kaa kidogo, mwanangu," karani alisema. "Nakuja."

Alirudi mezani, akakaa mbele ya kioo. Hakumpigia fundi wa kompyuta. Alianza kubofya kila kitu, pembe kwa pembe, vitu ambavyo tangu Jumatatu aliogopa kuvigusa asije akaharibu. Kulia kabisa mwa jedwali palikuwa na vistari vitatu vidogo, vimepauka, mtu angedhani ni uchafu wa kioo. Akavibofya. Ikafunguka orodha: *Chagua safu za kuonyesha*. Majina yote manane yalikuwepo, na sita hayakuwa na tiki.

Akaweka tiki moja baada ya nyingine. Safu zikarudi, zimejaa, hakuna hata neno lililopungua. Haikuchukua dakika nzima.

Droo ya kumi na mbili: alipokelewa Jumamosi. Alama: meno mawili ya mbele juu hayapo. Ndugu wa karibu: mtoto wa kiume, dereva. Akatafuta waliokwisha kuchukuliwa. Droo ya saba: alipokelewa Jumapili. Alama: kovu la kuungua, mkono wa kushoto, pembetatu.

Alikwenda kwanza kwa mkuu wa idara, kwa sababu ndivyo utaratibu ulivyotaka. Mkuu alisikiliza, akavua miwani.

"Mwenye macho haambiwi tazama," alisema. "Yule mtoto alitazama mwenyewe, akasaini mwenyewe. Sisi kosa letu ni lipi?"

"Kosa letu ni kwamba mama wa watu hayupo."

"Yuko mmoja. Jina ni lilelile." Akapunguza sauti. "Huyo binti ana uchungu. Mtu mwenye uchungu huona mambo. Mwambie maiti hubadilika, ngozi hubadilika. Mfungie jeneza vizuri, umwondoe na gari la hospitali, bila malipo. Wote wawili watakuwa wamezika mama. Ukifukua jambo hili utafukua na kaburi."

Karani alisimama pale, na haikuwa kwamba hakushawishika. Alifikiria miaka minane iliyobaki kabla ya kustaafu. Alifikiria mumewe. Halafu akafikiria ule mkono laini, na yule binti akiambiwa kwamba kovu limeyeyuka.

"Amemwogesha miezi minane, daktari," alisema, akatoka.

Fundi cherehani alikuwa amekaa kwenye benchi, nguo ameikunja magotini. Karani hakuketi kando yake. Aliona hastahili.

"Mama yako tumempa mtu mwingine. Nilimtoa mimi jana, kwa mkono wangu. Amezikwa."

Binti aliinua kichwa. Karani alikuwa tayari kwa kofi, na kwa kweli angelipokea kwa shukrani.

"Alizikwa amevaa nini?" binti aliuliza.

"Shuka la hospitali. Na juu yake kitambaa walicholeta wao."

Hapo ndipo alipolia. Alilia ameificha sura ndani ya ile nguo, na Baridi, ambaye kwa kawaida hakosi neno, alitoka akaenda kusimama uani.

Kumpigia simu dereva ilikuwa kazi nyingine. Karani alimweleza yote bila kuzungusha.

"Kaka? Unanisikia?"

"Meno," dereva alisema. "Umesema hayapo meno mawili?"

"Ya mbele, juu."

"Yalitoka lini?"

"Hilo sisi hatulijui, kaka."

"Miaka tisa sijafika nyumbani," alisema. "Nilikuwa natuma hela tu. Pale kwenye droo niliona pua siyo. Nikasema labda ni ugonjwa. Shangazi zangu walikuwa mlangoni, dada. Ningewaambiaje kwamba simjui mama yangu?"

Kibali cha mahakama kilichukua siku kumi na moja. Kaburi lilifukuliwa asubuhi, mbele ya askari mmoja, afisa wa afya na familia zote mbili, ambazo zilisimama mbalimbali kama watu waliogombana. Fundi cherehani aliambiwa si lazima aone. Akasema ataona. Walipofunua mkono wa kushoto aliligusa kovu kwa kidole kimoja, na harufu ile iliyowafanya wanaume wazima wageuke haikumgeuza. Kumvalisha hakukuwezekana tena. Aliitandaza nguo juu ya mama yake, akaiweka sawa mabegani, akarudi nyuma.

Wakati wa kuondoka alipita mbele ya karani, aliyekuja bila kualikwa na kusimama mbali.

"Usije nyumbani kunipa pole," alimwambia. "Nakuomba sana, usije."

"Siji," karani alijibu.

Mama wa dereva alizikwa siku ileile, kaburi jipya, upande wa pili wa makaburi. Dereva alitaka kufunguliwa jeneza. Shangazi walimkataza, akawasogeza kwa mkono. Alisimama akiutazama uso ule mpaka wachimbaji wakakohoa.

Tume ya uchunguzi ilikaa mara tatu. Fundi wa kompyuta alieleza kwamba hakuna taarifa iliyopotea wakati wowote. Mkuu wa idara alieleza kwamba hakuwahi kuarifiwa tatizo lolote la mfumo. Ripoti ikaandika: uzembe wa mtumiaji. Karani aliposomewa aliulizwa kama ana la kusema.

"Niliona hakumtazama vizuri," alisema. "Liandikeni na hilo."

Hawakuliandika. Walimhamishia stoo ya mashuka, chumba kisicho na dirisha nyuma ya jengo la kufulia, na karani mpya akaanza Jumatatu iliyofuata. Baridi alimsaidia kubeba vitu vyake: kikombe, sweta na kiti chake cha mto. Walipita ujia mzima mpaka stoo. Mlangoni Baridi aliweka kiti chini, akampa mkono, akarudi kazini kwake.